Zamu za Jiko la Ghorofa ya Tatu

Kwao walimwita Spika tangu utotoni, na si kwa sababu ya kupiga kelele. Wadogo zake walipogombana, yeye ndiye aliyesimama katikati ya sebule, akagonga meza kwa mwiko na kutangaza nani aanze kusema na nani asubiri. Baba yake, fundi seremala, alikuwa akicheka mpaka anaweka randa chini. Kwa hiyo alipochaguliwa kwenda chuo kusomea sayansi ya siasa na sera za umma, nyumbani hakuna aliyeshangaa, ila mjomba wake, ambaye aliuliza, "Siasa nayo inasomewa? Mimi nilidhani mtu huzaliwa nayo, kama kigugumizi."

Sasa alikuwa mwaka wa tatu. Alikuwa amesoma habari za katiba na mabunge, madaraka na mipaka yake, jinsi sera inavyozaliwa ofisini na jinsi inavyofia mtaani. Kwenye semina mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka na wa mwisho kushuka. Alichokuwa hajawahi kufanya ni kumwongoza mtu yeyote, ukiacha wale wadogo zake, na kwa hao alikuwa na mwiko.

Mwalimu wao wa sera za umma alikuwa mama mwembamba ambaye hakuachana na chupa yake ya chai hata akiwa anafundisha. Wanafunzi walimwita Mama Sera, naye alijua, akanyamaza. Asubuhi moja, muhula ukiwa bado mbichi, alifuta ubao, akajimiminia chai, akawageukia.

"Mmeshaandika vya kutosha kuhusu serikali za watu wengine," alisema. "Safari hii kila mmoja atunge kanuni moja. Iwe ndogo, iwe hapo hapo unapoishi. Lakini iwahusu watu wasiokuogopa na wasiokutegemea. Ikae mwezi mzima, na wewe usiwe askari wake. Kisha uje unieleze ilikuwaje."

"Ikivunjika je, mwalimu?" aliuliza mmoja kutoka nyuma.

"Utanieleza ilivyovunjika."

Darasa zima lilicheka. Spika hakucheka, maana alikuwa ameshapata mahali pake.

Ghorofa ya tatu ya hosteli ya wasichana ilikuwa na jiko moja tu. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha linalotazama kamba za nguo, sinki ambalo bomba lake halikuacha kudondoka, na jiko la umeme la pleti mbili, moja nzima na moja mbovu. Korido nzima ilipikia kwenye hiyo nzima. Mwenye maharage aliyabandika akaenda zake kwenye mhadhara. Aliyekuja nyuma yake aliyaepua, akakaanga mayai, akala, akaondoka. Mwenye maharage akirudi anakuta mawe. Ikifika jioni, korido imejaa nyuso zilizonuna, na kuna watu walikuwa hawasalimiani tangu mwaka jana kwa sababu ya wali uliobaki na kiini.

Jumapili alasiri Spika aliwaita wote koridoni. Walikuja na kanga zao, mmoja nywele zimesukwa upande mmoja tu na msusi wake anamfuata na kitana. Spika akawasomea kanuni aliyoitunga. Kila chumba kitakuwa na wakati wake wa kupika. Zamu zitazunguka kila wiki ili asiwepo wa kupewa asubuhi na mapema milele. Na atakayeepua sufuria ya mwenziwe kabla ya muda wake kwisha, ataosha jiko zima, sakafu na sinki, kwa wiki nzima.

"Swali," alisema Futi. Futi alikuwa akisomea upimaji wa ardhi, naye alikuwa mfupi, kimo kama cha kuazima, hivyo jina hilo lilimpata kutoka pande zote mbili. "Mtu akipata dharura?"

"Dharura gani?"

"Nitajuaje? Dharura haipigi hodi."

Spika alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Futi, dada yangu, ukishaliandika neno dharura umetoboa ukuta. Kila mtu atapita hapo hapo. Kanuni ni kanuni."

"Haya, mheshimiwa," akasema Futi, akakaa.

"Umekaa au bado umesimama?" mtu alimtania, korido ikaangua kicheko, na Futi akacheka kuliko wote. Mikono ikainuliwa. Kanuni ikapita bila mpinzani.

Wa kwanza kunaswa alikuwa msichana wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akisomea sheria na ambaye wote walimwita Wakili. Aliepua wali wa jirani ili achemshe maji ya kuoga. Alipobanwa, alijitetea kwamba maji si chakula, na kanuni ilizungumzia kupika, kwa hiyo haimgusi. Alizungumza vizuri mno, mpaka wakampigia makofi, kisha wakampa ndoo na tambara. Aliosha wiki nzima huku akiimba nyimbo za msiba. Baada ya hapo amani ikaingia. Wali uliiva. Maharage yakalainika. Waliokuwa hawasalimiani walianza kuulizana kama kuna aliye na chumvi. Spika alipita koridoni na kitabu chake kifuani, akinusa vitunguu, na kichwani ripoti ya Mama Sera ilikuwa imeshajiandika yenyewe.

Jumamosi moja mchana matroni alimwita chini. Kwenye benchi la mapokezi alikuwa amekaa Bibi, mzaa mama yake, kikapu mapajani na kitambaa cheupe juu ya jicho moja.

"Mke mwenzangu!" Bibi alisema, maana ndivyo alivyozoea kumwita. "Nimetoka kliniki ya macho. Wanasema nirudi Jumatatu. Nikasema, nikalale kwa watu baki na wewe upo?"

Spika alimshika mkono kumwinua, akashtuka. Mkono ulikuwa wa moto.

"Bibi, una homa."

"Ni upepo wa dirisha la basi. Na njaa. Wamenipa vidonge, wanasema nisivimeze na tumbo tupu, na mimi tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni."

Matroni hakuwa mtu wa kulegeza masharti, lakini alimtazama yule mzee, akasema alale hapo hadi Jumatatu. Spika alimpandisha ngazi taratibu, akamlaza kitandani kwake, akachukua unga, akakimbilia jikoni.

Pleti ilikuwa na sufuria ya wali. Ulikuwa ndio kwanza unatokota. Ilikuwa zamu ya yule binti wa mwaka wa kwanza ambaye ghorofa nzima ilimwita Kimya, kwani alikuwa ameishi nao tangu muhula uliopita na hakuna aliyekuwa na hakika sauti yake ikoje. Hakuwepo hapo. Spika hakufikiri hata kidogo. Aliepua sufuria, akaiweka sakafuni karibu na sinki, akabandika uji.

Alikuwa akikoroga alipohisi mtu mlangoni. Kimya alikuwa amesimama na sahani yake, akiitazama sufuria yake pale chini.

"Samahani, mdogo wangu," Spika alisema, mkono haujaacha mwiko. "Ni Bibi yangu, amekuja anaumwa."

"Haina shida, dada," alisema Kimya, akaondoka.

Bibi alikunywa uji, akameza dawa, akalala, akatoka jasho. Jioni homa ilikuwa imeshuka, na habari zilikuwa zimeenea. Walikuja mmoja mmoja: "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, wanangu, marahaba." Wakili alileta mto wake mwenyewe. Futi alikaa ukingoni mwa kitanda, na Bibi akamuuliza kama kwao wote wametoshana hivyo au yeye ndiye aliyechelewa kwenye mgao. Chumba kilijaa vicheko. Hakuna aliyetaja kanuni. Spika alijilaza kwenye godoro la sakafuni akiwaza kwamba anaishi na watu wema. Na ni kweli walikuwa wema. Huo wema ndio ulioiua kanuni yake.

Jumatatu Bibi alirudi kliniki, na kutoka huko akapanda basi kwenda kwao. Jumanne mtu aliepua maharage ya Futi kwa sababu tumbo lilikuwa likimuuma. Jumatano mwingine aliepua mayai kwa sababu alikuwa amechelewa mhadhara. Ikafika Ijumaa, Wakili akakutwa anachemsha maji ya kuoga, sufuria ya wali wa watu iko dirishani.

"Wakili! Umefanya nini tena?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Yuko kwao. Lakini amenipigia simu, ana njaa."

Korido ilicheka mpaka watu wakashika kuta, na tangu siku hiyo kila aliyeepua sufuria ya mwenziwe alisema neno moja tu, "Bibi," akaendelea na shughuli zake. Watu wakarudia kuficha masufuria chini ya vitanda. Maharage yalirudi kuwa mawe.

Spika aliita mkutano. Alizungumza kwa ukali, juu ya nidhamu, juu ya watu waliosoma lakini hawaelimiki. Walimsikiliza hadi mwisho. Kisha Wakili akasimama, na safari hii hakufanya mzaha.

"Mheshimiwa, sheria ni msumeno. Hukata kwenda, hukata kurudi. Huu wako umenikata mimi, nikaosha jiko wiki nzima. Ulipofika kwako ukaingia butu. Sisi tumekosa nini?"

Mkutano ulitawanyika wenyewe.

Kesho yake Spika alikuwa akianika nguo, Futi akaja na beseni lake. Walianika pamoja, Futi akirukaruka kidogo kuifikia kamba.

"Kuna kitu unapaswa kukijua," Futi alisema mwishowe. "Ile Jumamosi, Kimya alikuwa na jaribio la alasiri. Alikuwa anapika ili ale aende. Alikwenda bila kula. Alirudi kichwa kinamgonga, akalala na viatu."

Spika aliishika shuka iliyolowa bila kuikamua. "Umejuaje?"

"Nilimuuliza."

"Na wewe hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Chumba chako kilikuwa na sherehe."

Spika alimkuta Kimya chumbani kwake akipiga pasi. Alibaki amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima kitu.

"Mdogo wangu, kwa nini hukuniambia kwamba una jaribio?"

Kimya aliisimamisha pasi. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko umbo lake. "Ningesema nini, dada? Mzee alikuwa anaumwa. Ungeniomba ningekupa. Hata kukoroga ningekorogea mwenyewe. Lakini mimi nilikuta sufuria yangu imeshakaa chini." Alikunja kola ya shati kwa uangalifu. "Halafu kanuni yenyewe ni yako."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo ilipouma zaidi.

Spika alirudi kwake, akakaa kitandani na mikono mitupu. Alikuwa ameandika kurasa nyingi katika miaka yake ya chuo juu ya viongozi wanaojiweka juu ya sheria. Aliwaandika kwa dharau. Siku zote aliwaona kama watu wa aina nyingine, wenye matumbo na misafara ya magari. Hakuwahi kuwaza kwamba jambo lenyewe linaweza kuja kwa upole namna ile: una haraka, una sababu nzuri kabisa, kila mtu anakuambia haina shida, na aliyeumia ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote.

Jumapili aliwaita tena. Wengine walikuja kwa kumwonea huruma tu.

"Niliepua sufuria ya mwenzangu kabla ya muda wake," alisema. "Naomba ndoo."

"Acha hizo," alidakia yule wa nywele za upande mmoja. "Tumwadhibu mtu kwa kumlisha bibi yake? Mungu atatulaani."

"Si kwa kumlisha Bibi. Kwa kuepua bila kuomba. Kimya alikuwa hapo hapo chumba cha tatu, hatua chache tu. Sikwenda kumuuliza."

Wote waligeuka kumtazama Kimya, naye akatazama vidole vya miguu yake.

Spika aliendelea kwamba sasa ni wazi kanuni inahitaji kifungu cha dharura, na kwamba anapendekeza kamati ndogo ya kuamua dharura ipi ni ya kweli na ipi ni ya "Bibi".

"Kamati!" Futi alisema. "Kamati ikija kukaa, uji umeshaganda na mgonjwa ameshapona au ameshakufa. Spika, ngoja nikuambie. Mwenye zamu ndiye mwenye pleti. Mwenye shida akamwombe yeye, si mimi wala wewe. Akikubali, atarudishiwa muda kutoka zamu ya aliyeomba. Akikataa, amekataa."

"Na akikataa kwa roho mbaya?"

"Wiki ijayo naye atakuwa na shida," alisema Kimya.

Ilikuwa mara yao ya kwanza kumsikia mkutanoni. Wakili akapiga kofi moja kubwa na kusema kesi imekwisha. Mikono ikainuliwa. Spika aliinua wake pia, ingawa moyoni bado aliipenda kamati yake.

Akaosha. Siku za kwanza aliosha kwa aibu, akingoja watu waondoke. Baadaye akazoea, na akagundua kwamba aliyeshika tambara jikoni husikia mengi kuliko aliyeshika karatasi. Alijua nani anakula mara moja kwa siku na nani hupika nyingi makusudi ili amwite jirani. Siku moja Kimya aliingia, akachukua kitambaa, akaanza kukausha masufuria.

"Hii ni adhabu yangu, usiniibie," Spika alimwambia.

"Mimi nakausha tu. Kanuni imesema kuosha."

"Kaa mbali na Wakili, wewe, ameshakuambukiza."

Wakacheka, na bomba likaendelea kudondoka.

Habari zilifika hadi nyumbani. Bibi alipiga simu. "Nasikia umefungwa kwa ajili ya uji wangu."

"Nimeshatoka, Bibi. Nimetumikia kifungo chote."

"Vizuri. Na huyo mwenye wali, ulimpa nini?"

Bibi alikata simu kwa namna yake, bila kungoja jibu wala kuaga. Jumamosi iliyofuata Spika alimwomba Kimya asipike, akatumia zamu yake mwenyewe kumpikia wali na maharage, wakala pamoja dirishani, na Futi akaja na kijiko chake bila kualikwa.

Siku ya kumweleza Mama Sera ilipofika, Spika alikuwa na ripoti fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Alisema kanuni yake ilikufa, akaeleza nani aliiua. Akasema iliyopo sasa ni ya mwenzake wa upimaji wa ardhi, na inatembea.

Mama Sera alisoma, akageuza kurasa, akanywa chai.

"Wiki hii nani ameomba dharura?"

"Sijui, mwalimu. Huwa hawaniambii."

"Hmm." Aliandika kitu pembeni. Alama alizompa zilikuwa nzuri, si nzuri sana; kuna mwenzake aliyeandika kwamba kanuni yake ilifanya kazi kikamilifu tangu siku ya kwanza, naye akapewa ndogo zaidi, akalalamika wiki mbili. Spika alikuwa ameshasimama kuondoka Mama Sera alipomwita tena.

"Hiyo pleti mbovu. Imeharibika lini?"

"Tulivyofika tuliikuta hivyo hivyo."

"Na nani amewahi kuomba itengenezwe?"

Ghorofa nzima ilikuwa imegombana, ikakutana, ikapiga kura, ikaadhibiana, ikasuluhishana juu ya namna ya kugawana pleti moja, na hakuna hata mmoja aliyeteremka ngazi kusema pleti ya pili imekufa. Alitoka mle ofisini anacheka peke yake hata mfagizi wa korido akamuuliza kama amefaulu.

Alikwenda na Futi kwa matroni siku hiyo hiyo. Matroni aliwasikiliza, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Kila mwaka mnaniambia juu ya bomba," alisema. "Juu ya jiko ndiyo leo nasikia. Mimi sipiki humo, nitajuaje?"

Alipeleka maombi. Fundi hakuja wiki hiyo wala iliyofuata. Muhula ulikwisha, watu wakafunga mabegi, na Spika akapangiwa mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya halmashauri, idara ya mipango. Walimpa meza pembeni ya kabati la mafaili na kazi ya kuandika muhtasari wa vikao. Alikuwa akiandika zaidi ya alivyosema, jambo ambalo mjomba wake aligoma kuliamini.

Mchana mmoja, kikao kimesimama kwa chai, simu yake ilitikisika. Ulikuwa ujumbe wa Futi, aliyebaki hosteli na wenzake wengi, Kimya akiwemo, kwa masomo ya likizo.

"Fundi amekuja. Pleti zote mbili zinawaka. Sasa watu wanagombania sinki."

Spika alicheka mpaka karani wa meza ya pili akainua kichwa. Akaanza kuandika jibu: waitwe wote Jumapili, kila chumba kipewe muda wa kuosha, na atakayeacha vyombo… Alisoma alichoandika. Akakifuta chote, herufi kwa herufi, akaandika upya:

"Kimya anasemaje?"